Maji, Mbegu na Mamlaka: Uhakiki wa Filamu ya Pumzi kwa Mwalimu na Mtahiniwa wa Fasihi

Utangulizi

Mtahiniwa wa fasihi akutanapo na swali kuhusu mazingira, aghalabu huandika jibu la aina moja. Husema kwamba mwandishi anatuhimiza tutunze mazingira, tusikate miti ovyo, kwani miti huvuta mvua. Jibu hilo si kosa. Tatizo ni kwamba mtahiniwa angeweza kuliandika bila kusoma kazi yoyote ya sanaa. Angelipata kwenye bango lililo nje ya ofisi ya chifu. Mtahini anayesahihisha jibu kama hilo hana budi kujiuliza: je, kazi ya fasihi ilimwongezea nini mwanafunzi huyu?

Katika makala haya tunadai kwamba kosa si la mwanafunzi peke yake. Sisi walimu tumezoea kufundisha maudhui ya mazingira kama orodha ya maonyo, ilhali wasanii wanaolishughulikia janga hili kwa dhati huuliza maswali magumu zaidi. Tutaihakiki filamu fupi ya Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu. Tutailinganisha na tamthilia ya Kifo Kisimani (2001) ya Kithaka wa Mberia, ambayo wengi wetu tuliifundisha, na pia na filamu ya hali halisi ya Thank You for the Rain (2017). Hoja yetu ni kwamba katika kazi hizi uhaba wa maji hauelezwi kama ukame tu. Swali kuu ni nani ashikaye ufunguo wa maji, na ni nani atakayelipa gharama ya kuutwaa.

Je, filamu ni fasihi?

Baadhi ya walimu wenzetu watauliza filamu inaingiaje katika jarida la fasihi. Swali hili lina mashiko. Filamu haitahiniwi katika karatasi ya 102/3, na mwalimu ana vitabu teule vya kumaliza. Hata hivyo, tukumbuke kwamba fasihi simulizi tunayoifundisha ni sanaa ya utendaji. Tunawafundisha wanafunzi kuhusu fanani na hadhira, maigizo, maleba, miondoko, ishara za uso na miviga. Mwanafunzi huyakariri haya yote pasipo kuyaona yakitendeka. Filamu huyaonyesha.

Isitoshe, utendaji umekuwa nyenzo ya kulinda mazingira kwetu tangu jadi. Misitu ya kaya za Wamijikenda, ambayo baadhi yake iliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2008, haikuhifadhiwa kwa mabango. Ilihifadhiwa kwa miiko, maombi na miviga iliyosimamiwa na wazee. Aliyeingia kayani aliingia katika jukwaa lenye masharti yake, na sharti mojawapo lilikuwa kutokata mti. Kwa hivyo msanii wa leo atumiaye kamera kuutetea mti haanzishi jambo geni. Anaendeleza kazi ambayo jamii ilikuwa ikiifanya kwa utendaji.

Muhtasari wa filamu

Pumzi ni filamu ya takriban dakika 20. Iliandikwa na kuongozwa na Wanuri Kahiu, na ikaonyeshwa katika tamasha la Sundance nchini Marekani mwaka wa 2010. Mandhari yake ni Afrika Mashariki ya siku za usoni, miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vita vilivyopiganiwa maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, katika jamii iitwayo Maitu. Nje kunasemekana kuwa kumekufa. Kila mkazi hupewa mgao mdogo wa maji. Jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena. Umeme huzalishwa na watu wenyewe kwa kufanya mazoezi kwenye mashine. Ndoto ni marufuku, na kuna dawa ya kuzizuia.

Asha, mhusika mkuu, ni mtunzaji wa makumbusho ya viumbe asilia. Siku moja anapokea udongo kutoka kwa mtu asiyejitambulisha. Anaupima na kugundua kwamba una unyevu na hauna sumu. Anaunusa na kuona maono ya mti. Anaitia mbegu katika udongo huo na kuimwagia maji yake, nayo inaota. Anapoomba kibali cha kutoka nje ili akaupande mche, Baraza linakataa. Makumbusho yake yanavamiwa, naye anapelekwa kwenye mashine za kuzalisha umeme. Kwa msaada wa mwanamke afanyaye usafi anatoroka, anavuka jangwa, anaupanda mche, anaumiminia maji yake ya mwisho na kuufunika kwa kivuli cha mwili wake. Hapo anakata roho. Kamera inapaa juu, na mti unaonekana ukikua mahali pale.

Maji kama mamlaka

Ukiitazama filamu hii kwa haraka, utadhani adui wa Asha ni jangwa. La hasha. Jangwa linamuua mwishoni, lakini kinachomzuia tangu mwanzo ni Baraza. Udongo umeshapimwa na ushahidi upo kwamba nje kuna uhai, ila Baraza halitaki kuusikia. Kwa nini? Filamu haitoi jibu la wazi, lakini inatupa dokezi la kutosha. Jamii nzima imejengwa juu ya imani kwamba nje hakuna kitu. Imani hiyo ikivunjika, hakuna atakayekubali mgao, mashine wala dawa. Uhaba ndio unaolipa Baraza uwezo wa kutawala.

Hapa ndipo Kifo Kisimani inapotufaa. Katika Butangi ya Mtemi Bokono, kisima kipo na maji yamo. Wananchi wanateseka kwa sababu utawala umeyadhibiti maji hayo, wala si kwa sababu mvua haikunyesha. Mwelusi anapowaamsha watu, anaonekana kuwa hatari kuliko ukame wowote. Anauawa palepale kisimani, na mkono unaomuua ni wa Gege, ndugu yake mwenyewe, aliyeghilibiwa na wakuu. Kithaka wa Mberia alitumia kisima kama jazanda ya mali ya umma na uhuru. Kahiu alichukua jazanda iyo hiyo na kuifunga ndani ya chupa ndogo ambayo kila mtu amekabidhiwa.

Tofauti baina yao pia ni ya kuzingatiwa. Butangi ina askari, magereza na mateso ya wazi. Jamii ya Maitu ina usafi, ukimya na mashine. Mtawala wa Kifo Kisimani anaonekana na anachukiwa. Baraza la Pumzi huonekana kwa mbali tu, kupitia kompyuta, nalo hukataa kwa sauti isiyo na hasira. Mwalimu anaweza kuwauliza wanafunzi: ni utawala upi ulio vigumu zaidi kuupinga? Wanafunzi wangu waligawanyika juu ya swali hili, na mjadala ule ulikuwa na faida kuliko madondoo mengi niliyowahi kuyaandika ubaoni.

Fani: majazi, kinaya na ukimya

Mtahiniwa anayejifunza mbinu za uandishi atapata mengi hapa.

Kwanza ni majazi. Jina Asha lina asili moja na Aisha, jina la Kiarabu lenye maana ya uhai. Msichana mwenye jina la uhai anafanya kazi mahali panapohifadhi maiti za maumbile. Maitu nalo ni neno la Kikuyu lenye maana ya mama, na filamu inalifafanua pia kama ukweli wetu. Jamii hiyo imejiita mama na kujiita kweli, lakini inaizuia mbegu kuota na kuificha kweli.

Anwani ya filamu, Pumzi, inastahili mazungumzo yake. Katika Kiswahili pumzi ni hewa tuivutayo na kuitoa. Kutokana na shina hilo tunapata kupumua, kupumzika, na pia pumzi ya mwisho. Maana hizi zote zinakutana katika tukio la kufunga filamu. Asha anatoa pumzi ya mwisho, anapumzika, na ardhi inaanza kupumua. Mtazamaji asiyejua Kiswahili ataliona tukio, lakini sisi tunaliona na kulisikia. Ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba filamu yenye anwani ya Kiswahili na mbegu ya Kikuyu inaendesha mawasiliano yake kwa Kiingereza. Tutalirudia jambo hili.

Pili ni kinaya. Asha ni mtunzaji wa maumbile mahali ambapo maumbile hayapo. Anapokuja kupata kitu halisi cha kutunza, anageuzwa mhalifu. Pia katika jamii hii mtu hulala ili asiote ndoto. Kinaya hiki kina uzito kwetu. Baraza linajua kwamba aotaye mti usiku ataanza kuutafuta mchana.

Tatu ni ukimya. Filamu hii ina maneno machache mno. Wahusika huwasiliana kwa vifaa, na sehemu kubwa ya ujumbe imo katika mwili wa Asha: anavyojipangusa jasho, anavyokamua tone la mwisho, anavyounusa udongo. Jasho hasa limetumiwa kwa ustadi. Katika lugha yetu tunasema mtu anaishi kwa jasho lake, tukimaanisha kazi. Kahiu ameichukua dhana hiyo akaifanya tendo: jasho lenyewe ndilo maji ya kunywa. Wanafunzi wanaoandaa maigizo wajifunze hapa. Mara nyingi michezo yetu ya tamasha hujaa hotuba. Mhusika mmoja husimama katikati ya jukwaa na kutueleza umuhimu wa misitu kwa dakika tatu, naye akimaliza hakuna aliyeuona msitu. Tone moja la maji linalogawanywa mbele ya hadhira lina nguvu kuliko hotuba hiyo.

Swali la mwanafunzi

Niliwahi kuionyesha filamu hii kwa kidato cha tatu katika shule iliyo sehemu kavu, ambako wanafunzi hupanga foleni ya maji kwa mitungi kabla ya masomo ya asubuhi. Tulitumia tarakilishi moja iliyowekwa juu ya meza, na waliokuwa nyuma walisimama juu ya viti. Mwishoni, Asha alipomimina maji yake kwenye mche, msichana mmoja aliuliza, "Mwalimu, kwani huyu hangekunywa hayo maji kwanza?" Darasa likaangua kicheko. Sikuwa na jibu.

Nimelifikiria swali lile muda mrefu. Wahakiki wengi wangemjibu kwamba hiyo ni ishara ya kujitolea, na kwamba Asha ni shujaa. Jibu hilo lingemnyamazisha mwanafunzi pasipo kumsaidia. Yeye anajua mtungi wa lita 20 unavyogawanywa: huu wa kupikia, huu wa kunywa, unaobaki wa kufulia, na maji ya kufulia yakamwagwe kwenye mmea. Anajua kwamba mche hauoti kwa nia njema. Huota kwa maji ya mtu fulani. Alichouliza ni hiki: kwa nini gharama yote imwangukie mtu mmoja, tena asiye na kitu?

Swali hili linafichua udhaifu mkubwa wa Pumzi. Filamu inatupa shujaa mmoja, mbegu moja na kifo kimoja. Mwanamke afanyaye usafi, ambaye Asha aligawana naye maji na ambaye alimsaidia kutoroka, anaachwa nyuma. Hatujui yaliyompata. Jamii nzima inabaki kwenye mashine. Hata picha ya mwisho ina utata: kamera inapozidi kupaa, kunaonekana msitu. Je, ni msitu uliotokana na mti wa Asha baada ya miaka mingi, au ulikuwako muda wote upande wa pili, na Asha amekufa hatua chache kabla ya kuufikia? Watazamaji wametofautiana. Ikiwa jibu ni la pili, basi kifo chake ni kinaya kichungu, na uongo wa Baraza ni mkubwa kuliko tulivyodhani. Nadhani utata huu ni nguvu ya filamu, lakini hauondoi swali la msichana yule.

Mkulima mwenye kamera

Ndiyo maana ni vyema Pumzi isifundishwe pekee. Thank You for the Rain iliongozwa na Julia Dahr wa Norway akishirikiana na Kisilu Musya, mkulima kutoka Kitui. Kwa muda wa miaka kadhaa Kisilu alipewa kamera akajirekodi yeye mwenyewe, familia yake na majirani zake. Hapa hakuna siku za usoni. Ukame upo, mafuriko yapo, na dhoruba inaiharibu nyumba yake. Kisilu anawahamasisha wakulima wenzake wapande miti na kubadilisha mbinu za kilimo. Mwaka wa 2015 anafika Paris kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, na huko anagundua jinsi sauti ya mkulima ilivyo ndogo katika kumbi zile.

Kisilu si shujaa wa upweke. Ana mke ambaye anabaki na mzigo wa shamba na watoto yeye anaposafiri. Ana majirani wanaomsikiliza na wengine wanaochoka. Anashindwa mara kadhaa. Filamu hii inalijibu swali la mwanafunzi kwa namna ambayo Pumzi haikuweza: maji ya kumwagilia mche hutoka katika nyumba nyingi, na kila nyumba lazima ishawishiwe.

Hivyo ndivyo Wangari Maathai alivyofanya kazi. Vuguvugu la Green Belt aliloanzisha mwaka wa 1977 lilitegemea vikundi vya wanawake na vitalu vyao, na mwanamke alilipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioishi, si kwa kila mche uliopandwa. Maathai pia aliijua nguvu ya utendaji. Mnamo Januari 1999 alikwenda kwenye msitu wa Karura kupanda mti mbele ya umma, akashambuliwa na kujeruhiwa. Kitendo kidogo cha kutia mche ardhini kilionyesha wazi ni nani aliyekuwa akiunyakua msitu na ni nani aliyekuwa akiulinda. Kahiu alimjua vyema: mwaka uleule wa 2009 alitengeneza filamu ya hali halisi kumhusu, For Our Land. Kwa maoni yetu, Asha ni kivuli cha Maathai, isipokuwa ameondolewa wale wanawake waliokuwa pamoja naye. Na bila wao, hadithi ya mti hugeuka hadithi ya kifo.

Lugha na hadhira

Tulisema tutarudi kwenye suala la lugha. Filamu zote mbili zimepata sifa ughaibuni kuliko katika vijiji zinavyovihusu. Pumzi ilipata ufadhili wa nje na ilipigwa picha Afrika Kusini. Hatusemi haya kwa kulaumu. Msanii huenda alikopata mlango wazi. Hata hivyo, mhakiki wa Kiswahili ana wajibu wa kuuliza kazi hizi zinamfikiaje mtu wa Mutomo, Garissa au Ganze. Wakati mvua zilipokosekana kwa misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, na mafuriko yalipowaua watu zaidi ya 250 nchini mwaka wa 2024, walioathirika hawakuwa hadhira ya tamasha za filamu.

Jibu moja limo mikononi mwetu. Mwanafunzi anayeweza kuigiza, kughani au kusimulia kwa Kiswahili anaweza kuipeleka hoja hii mahali ambapo filamu haifiki: barazani, kanisani, msikitini, kwenye mkutano wa wazazi. Lakini asipeleke bango. Mnamo Novemba 13, 2023, serikali ilitenga siku ya mapumziko ili Wakenya wapande miti, lengo likiwa miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032. Ni lengo zuri. Igizo zuri kuhusu siku hiyo lisingeonyesha mgeni wa heshima akipanda mti na kupigiwa makofi. Lingeanza baada ya magari kuondoka, wakati mche umebaki peke yake na jua la Januari linakuja, na watu wawili wanabishana nani atauletea maji.

Hitimisho

Tumeona kwamba Pumzi ni kazi yenye ufundi mkubwa wa taswira, majazi na kinaya. Tumeona pia kwamba inaungana na Kifo Kisimani katika kudai kuwa uhaba wa maji ni suala la mamlaka, na kwamba imepungukiwa pale inapomtwika mtu mmoja mzigo wa wote. Mwalimu asiogope kuuonyesha udhaifu huo. Mwanafunzi akiuona, atakuwa amehakiki.

Kwa mtahiniwa tunasema hivi: ukiulizwa kuhusu maudhui ya mazingira, usiishie kwenye kuhimiza utunzaji. Onyesha ni nani anayemiliki rasilimali, ni nani anayeteseka, ni mbinu gani msanii ametumia kutuonyesha, na kama suluhisho lake linatosha. Yule msichana wa kidato cha tatu hakuwa amesoma nadharia yoyote ya uhakiki. Alijua tu bei ya maji, akaiuliza filamu swali.

Maswali ya mjadala darasani

1. "Uhaba ni silaha ya mtawala." Thibitisha ukweli wa kauli hii kwa kurejelea Kifo Kisimani na Pumzi.
2. Fafanua jinsi majazi na kinaya vimetumiwa kuendeleza maudhui katika Pumzi.
3. Linganisha Asha na Mwelusi kama wahusika wanaojitolea. Je, kifo chao kinaibadilisha jamii?
4. Eleza nafasi ya miviga na miiko katika uhifadhi wa misitu katika jamii unayoifahamu.
5. Tunga igizo fupi lisilozidi dakika tano kuhusu uhaba wa maji, ambamo hakuna mhusika anayetoa hotuba.